Kipimo cha maji kisichosomeka ni hasara kwa mkulima wa Rufiji

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mkulima wa kata ya Ngorongo na vijiji vingine vilivyo kando ya Mto Rufiji, mali ya kwanza si jembe wala mbegu, bali ni maji ya mto wenyewe. Maji yakipanda kwa kiasi na kwa wakati wake, mpunga hustawi bondeni. Yakishuka, huacha tope lenye rutuba ambalo wenyeji hulipanda mahindi, kunde na maboga katika kilimo kinachojulikana kwa jina la mlau. Yakipanda kupita kiasi, au kwa wakati usiotazamiwa, jasho la msimu mzima huenda na mkondo hadi delta.

Daftari la mali hiyo ni kumbukumbu ya kina cha maji, siku kwa siku na ikiwezekana saa kwa saa. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na mtu aliyekwenda ukingoni kusoma ubao wenye alama za mita na sentimita. Siku hizi vipo vinasa takwimu vya elektroniki, vyembamba kama tochi, ambavyo huzamishwa ndani ya bomba mtoni na kupima kina cha maji kwa miaka kadhaa kwa kutumia betri moja.

Vifaa hivyo vina sifa nyingi, lakini vina sehemu moja ndogo ambayo ni rahisi kusahauliwa wakati wa kununua. Sehemu hiyo ni mlango wa kutolea takwimu. Katika vingi vya vifaa hivyo mlango huo si tundu la waya, bali ni dirisha dogo linalopitisha mwanga wa infraredi, mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. Mlango huo ukigoma, kila kilichorekodiwa kinabaki gizani.

Kwa mantiki hiyo, fedha za umma au za wafadhili zisilipie kinasa takwimu chochote kitakachowekwa Rufiji mpaka mawasiliano yake ya infraredi yawe yamejaribiwa palepale kitakapofanyia kazi, kwa tope la mto huo, jua la huko na mikono ya watu watakaokisoma. Jaribio la dukani Dar es Salaam, juu ya meza safi na chini ya feni, halitoshi.

Mto uliobadilika

Umuhimu wa jambo hili umeongezeka kwa sababu mto wenyewe umebadilika. Rufiji hukusanya maji ya Kilombero, Ruaha Mkuu na Luwegu, na bonde lake ni kubwa kuliko mabonde yote ya mito nchini, likiwa na kilometa za mraba zipatazo 177,000. Zamani mkulima alisoma dalili za mvua za bara na mwenendo wa maji, akajua lini ateremke bondeni na lini ahamie juu.

Desemba 2022 ujazaji wa maji katika Bwawa la Julius Nyerere ulianza pale Stiegler's Gorge. Mradi huo una mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115. Ni neema kubwa kwa taifa lililokuwa likihangaika na mgawo wa umeme. Hata hivyo, kwa Ngorongo, iliyo kati ya bwawa na delta, maana yake ni kwamba kiasi cha maji kinachoshuka sasa hutegemea pia ratiba ya mitambo na milango ya bwawa, si mawingu peke yake.

Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya za Rufiji na Kibiti, yakaharibu mashamba na kuwafanya wananchi wengi wahame makazi yao. Ulizuka mjadala kama bwawa lilipunguza makali ya mafuriko au liliyaongeza. Mjadala wa namna hiyo haumalizwi na mwenye sauti kubwa. Humalizwa na takwimu: maji yalikuwa mita ngapi, saa ngapi, mahali gani, kabla na baada ya milango kufunguliwa.

Wazee wa Rufiji wanajua uzito wa maamuzi yanayotokana na maji. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia wakazi wa bondeni kwenye maeneo ya miinuko. Wengi waliendelea kurudi bondeni kulima na kulala kwenye madungu wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, kwa sababu ardhi nzuri ilibaki kulekule. Maamuzi mengine makubwa bila shaka yatakuja, yakiwamo ya fidia, ya ratiba ya kufungulia maji na ya maeneo ya kulima. Mkulima asiye na takwimu ataingia kwenye mazungumzo hayo mikono mitupu.

Infraredi hufanyaje kazi

Wasomaji waliokuwa na simu za mkononi mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanaikumbuka infraredi. Simu kama Nokia 7110 ya mwaka 1999 ilikuwa na dirisha jeusi, na watu wawili waliotaka kupeana namba waliziweka simu zao zikitazamana juu ya meza. Aliyeisogeza yake kidogo tu aliharibu kazi yote. Teknolojia hiyo ilitoweka kwenye simu nyingi baada ya bluetooth kuenea, lakini haikufa. Imebaki kwenye rimoti za televisheni, kwenye mita nyingi za umeme na kwenye vinasa takwimu vya maji.

Ndani ya kinasa takwimu kuna kompyuta ndogo sana, isiyo na kioo wala vibonye, iliyopewa kazi moja tu maishani: kuamka, kupima, kuandika na kulala tena. Inapotakiwa kutoa ilichoandika, huwasha na kuzima taa yake ya infraredi kwa kasi. Takwimu hupita biti moja baada ya nyingine, mithili ya watu wanaovuka daraja la gogo moja, ambapo hakuna wawili wanaopita sambamba. Upande wa pili kisomaji hupokea mimweko hiyo na kuigeuza tena kuwa namba.

Watengenezaji wana sababu nzuri ya kuchagua mwanga badala ya waya. Waya unahitaji tundu, na tundu ndiyo njia ya maji kuingia. Kwenye delta, ambako maji ya bahari hupanda na kushuka, chumvi hula pini za shaba kwa muda mfupi. Kifaa kilichozibwa kabisa na kubakiwa na dirisha tu hudumu zaidi. Aidha, mwanga huo hautumii laini ya simu wala mnara, na hutumia umeme kidogo mno.

Lakini infraredi si lugha moja. Rimoti ya televisheni hupiga mwanga wake takriban mara 38,000 kwa sekunde ili kujitofautisha na mwanga wa taa. Utaratibu wa IrDA, uliotokana na chama kilichoundwa mwaka 1993, hutumia mmweko mfupi unaochukua sehemu 3 kati ya 16 za muda wa biti ili kuokoa betri. Mita za umeme hutumia utaratibu mwingine, ambapo kichwa cha kusomea hushikwa kwa sumaku juu ya mita na mazungumzo huanza polepole, biti 300 kwa sekunde, kabla ya pande mbili kukubaliana kuongeza kasi. Mnunuzi anayeandika kwenye zabuni neno "infraredi" peke yake ni sawa na anayeagiza mkalimani bila kusema wa lugha gani.

Watwangaji wawili, kinu kimoja

Ugumu wa mawasiliano haya unaweza kuelezwa kwa mfano wa watwangaji wawili kwenye kinu kimoja. Hawaambiani "sasa mimi, sasa wewe". Kila mmoja hufuata mdundo, na mmoja akichelewa kidogo michi hugongana. Kinasa takwimu na kisomaji hakuna waya wa saa unaowaunganisha. Kila kimoja kina saa yake na hukisia biti inayofuata itafika lini.

Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kila biti huchukua takriban sehemu 104 za milioni za sekunde. Baiti moja, pamoja na biti ya kuanzia na ya kumalizia, ina biti 10. Saa mbili zikipishana kwa asilimia 5 hivi, kufikia biti ya mwisho kisomaji kitakuwa kimetazama mahali pasipo pake, na namba itakayoandikwa siyo iliyotumwa.

Saa yenye fuwele ya kwatsi haipotoki kiasi hicho. Lakini vifaa vya bei nafuu wakati mwingine hutumia saa ya ndani ya kompyuta yake, ambayo hubadilika kwa joto na kwa kuchoka kwa betri. Kinasa takwimu kimetoka kwenye maji yaliyopoa, ilhali kisomaji kimekaa juani kwenye pikipiki tangu asubuhi. Mezani vilikuwa na joto moja, na vilielewana. Mtoni kimoja kina joto na kingine ni baridi, na hapo ndipo michi hugongana.

Majaribio yanayotakiwa

Jaribio la kwanza ni la kujua kama taa inawaka kabisa. Kamera za simu nyingi huuona mwanga wa infraredi na kuuonyesha kama mmweko wa zambarau. Fundi akitazama dirisha la kifaa kwa kamera wakati kinatuma, atajua ndani ya sekunde chache kama ugonjwa uko kwenye taa au mahali pengine.

La pili ni la mwangwi. Taa na jicho la kupokea hukaa jirani, hivyo kifaa kinapotuma hujisikia chenyewe, hasa mwanga unaporudishwa na karatasi nyeupe au kioo. Jambo hilo ni zuri kwa kuthibitisha kwamba pande zote mbili za kifaa kimoja ni nzima. Lakini ni mtego pia, kwa sababu fundi asiye makini huona maandishi yakirudi na kushangilia kuwa kifaa cha pili kimejibu, kumbe ni sauti yake mwenyewe. Kila upande sharti utume ujumbe wake tofauti ili ijulikane nani amesema nini.

La tatu ni la ujumbe wenyewe. Mafundi wengi hupenda kutuma herufi U mfululizo, kwa kuwa biti zake hupishana moja na sifuri na mdundo wake ni mzuri kuutazama kwenye mitambo ya karakana. Mdundo huo mzuri huficha maradhi. Inafaa zitumwe thamani zote 256 za baiti, zikiwamo za sifuri tupu na za moja tupu, na kila ujumbe ubebe namba ya uhakiki ambayo kisomaji huikokotoa upya na kuilinganisha.

La nne ni la umbali. Nguvu ya mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, maana yake umbali ukizidi mara mbili mwanga unaofika ni robo. Hivyo kifaa kilichokusudiwa kusomwa kutoka sentimita 10 kijaribiwe kwa sentimita 20. Kikifaulu, kina akiba ya mara nne, na akiba hiyo ndiyo itakayolipia tope litakaloganda kwenye dirisha siku moja.

La tano ni la tope na jua. Dirisha lipakwe tope la Rufiji lenyewe, kwanza likiwa bichi kisha likauke, na kusoma kurudiwe. Halafu kazi ifanywe saa sita mchana bila kivuli. Jua lina infraredi nyingi kuliko taa ya kifaa chochote, na jicho la kupokea hupofuka kama mtu aliyetoka chumba cha giza. Ikibainika kuwa kivuli kinahitajika, basi kofia ya mpira mweusi ya kufunika pande zote mbili iwe sehemu ya ununuzi, si hisani ya fundi.

La sita, ambalo pengine ni zito kuliko yote, ni la kukatika katikati. Mtumbwi huyumba, mkono hutetereka, mvua hushuka. Mawasiliano yakatwe kwa makusudi mara 10 katika nyakati tofauti, na itazamwe kama kifaa huendelea pale kilipoishia au huanza upya. Hatari kubwa ni programu inayofuta kumbukumbu mara baada ya kutuma bila kusubiri uthibitisho kuwa zimefika. Kifaa chenye tabia hiyo kinaweza kupoteza mwaka mzima kwa kuyumba kwa sekunde moja, na hakifai kupokelewa hata kikitolewa bure.

Hesabu ya muda na gharama

Wapo watakaosema majaribio yote hayo ni gharama na kupoteza muda. Hesabu inaonyesha vingine. Ujumbe wa baiti 64 kwa kasi ya biti 9,600 huchukua takriban sehemu 67 za elfu za sekunde. Ujumbe 3,000 huchukua sekunde 200 za kutuma, na hata ukiongeza muda wa majibu, ni kazi isiyozidi dakika 10.

Wataalamu wa takwimu wana kanuni nyepesi hapa: majaribio 3,000 yakipita bila kosa hata moja, mtu anaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba kiwango cha makosa hakizidi moja kwa elfu. Majaribio 10 yaliyopita vizuri hayathibitishi hata kwamba kosa ni chini ya moja kwa tano. Tofauti kati ya kubahatisha na kujua ni dakika hizo 10.

Kasi nayo ina thamani ya fedha na ya uhai. Mathalani, kifaa kinachorekodi kila baada ya dakika 15 huandika kumbukumbu 96 kwa siku na 35,040 kwa mwaka. Ikiwa kila kumbukumbu ni baiti 8, mwaka mzima ni baiti 280,320. Kwa kasi ya biti 115,200 kwa sekunde zitatoka ndani ya nusu dakika. Kwa biti 9,600 ni karibu dakika tano. Kwa biti 300 ni zaidi ya saa mbili na nusu. Ukingo wa Rufiji, ambao mamba na viboko huuhesabu kuwa ni wao, si mahali pa kumkalisha mtu saa mbili na nusu akiwa amekishika kifaa bila kutikisika.

Ipo pia gharama isiyoonekana kwenye ankara. Vinasa takwimu vingi hupima mgandamizo wa maji na wa hewa kwa pamoja, hivyo huhitaji kingine cha pili, kinachokaa nchi kavu, ili mgandamizo wa hewa uondolewe kwenye hesabu. Kimoja tu kati ya viwili hivyo kikikataa kusomeka, takwimu za kile kizima nazo hupungua thamani. Mlango mmoja uliogoma hufunga nyumba mbili.

Hoja ya mtandao wa simu

Hoja nyingine inayosikika ni kwamba infraredi imepitwa na wakati, na kwamba vifaa vitume takwimu moja kwa moja kwa mtandao wa simu. Hoja hii ina ukweli mkubwa. Onyo la mafuriko halisubiri mtu afike na kisomaji. Kituo cha kutoa tahadhari kwa Ngorongo, Utete au vijiji vya Kibiti ni lazima kiwe na simu au redio, na mtu anayedai infraredi itafanya kazi hiyo anawadanganya wananchi.

Hata hivyo, kituo cha simu huhitaji paneli ya jua, betri kubwa, salio na mnara unaofanya kazi, na mafuriko huweza kuviangusha vyote kwa pamoja. Siku hiyo, kumbukumbu zilizomo ndani ya kifaa kilichozama ndizo zitakazoeleza kilichotokea, na njia ya kuzitoa ni dirisha lile dogo. Kwa hiyo, simu ni tarumbeta ya hatari na infraredi ni daftari. Mwenye busara hanunui kimoja akadhani amepata vyote.

Wengine husema mtengenezaji tayari amejaribu kifaa kiwandani. Ni kweli, na cheti chake kipokelewe kwa heshima. Lakini mizani ya korosho pia hutoka kiwandani ikiwa sahihi, na bado Wakala wa Vipimo huikagua na kuipiga chapa kabla ya kutumika. Mkulima aliyewahi kuumizwa na lumbesa hahitaji mhadhara kuhusu kipimo ambacho hakuna aliyekikagua. Anajua kwamba kipimo kibovu hakimuumizi aliyekileta, bali humuumiza aliyekitegemea.

La kufanya

Taratibu za ununuzi wa umma zinataka bidhaa zikaguliwe kabla ya kupokelewa. Halmashauri za Rufiji na Kibiti, Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, Shirika la Umeme na wafadhili wanaofanya kazi katika bonde hilo wanaweza kuingiza majaribio yaliyotajwa hapo juu kwenye mikataba bila kusubiri sheria mpya. Sehemu ya malipo izuiwe mpaka kifaa kikae mtoni msimu mmoja wa masika na kisomwe chote, mbele ya mashahidi.

Pili, zabuni itaje wazi utaratibu wa infraredi unaotumika, kasi yake, na maelezo kamili ya namna ujumbe unavyopangwa. Kifaa kinachosomeka kwa kisomaji cha muuzaji mmoja tu humfanya mnunuzi mateka. Siku muuzaji akifunga duka, daftari la mto nalo hufungwa. Visomaji viwe viwili kwa kila eneo, na programu yake ifanye kazi kwenye kompyuta za kawaida ambazo siku hizi hazina tena dirisha la infraredi.

Tatu, wasomaji wawe wenyeji. Kijana wa kiume au wa kike wa Ngorongo aliyemaliza kidato cha nne anaweza kufundishwa kazi hii. Yeye ndiye anayejua ni lini tope huganda na ni wapi mamba huota jua. Ubao wa alama usiondolewe mtoni. Msomaji aandike kina anachokiona kwa macho kila anaposoma kifaa, ili kimoja kimhukumu mwenzake. Na fomu iseme wazi ni saa za namna gani zinazotumika, maana saa mbili asubuhi ya kijijini ni saa nane kwenye kompyuta, na kosa la saa sita linatosha kuharibu ushahidi wa mafuriko.

Nne, kila mwaka kabla ya masika vifaa vyote vijaribiwe upya, kwa kuwa dirisha huchubuka, ukungu wa kijani huota na betri huchoka. Tarehe na matokeo viandikwe kwenye kitabu kinachokaa ofisi ya kata.

Tano, takwimu zikishatoka zisiishie ofisini. Kina cha maji cha kila wiki kibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji, kwa Kiswahili, pamoja na kina cha juma kama hilo mwaka uliotangulia. Mkulima anayeamua kama apande mahindi ya mlau sasa au asubiri siku 10 anaihitaji namba hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Kikundi chake kinachokwenda kudai ratiba ya kufungulia maji inayozingatia kilimo nacho kinaihitaji.

Sehemu kubwa ya kumbukumbu za zamani za mtiririko pale Stiegler's Gorge ni za kati ya miaka ya 1950 na ya 1980, na pengo lililofuata limekuwa mzigo kwa kila aliyetaka kuelewa mto huu. Pengo jipya likitokea sasa, wakati bwawa linafanya kazi na wakulima wa bondeni wanajifunza upya tabia ya mto wao, halitaweza kuzibwa baadaye kwa fedha zozote, kwa sababu maji ya mwaka huu hayatapita tena kupimwa. Viongozi wanaotia saini hati za kupokea vifaa wadai kwanza kuona takwimu zikitoka kwenye dirisha lenye tope, kweupe juani, ndipo washike kalamu.